Uvumi, Chanjo na Mtandao: Safari ya Kitaaluma ya Heidi Larson

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtahadharisha mtu anayepuuza yanayosemwa mitaani. Katika taaluma ya afya ya umma, hata hivyo, uvumi ulichukuliwa kwa muda mrefu kuwa takataka ya kufagiwa: raia hajui, basi aelimishwe, na kelele zitakoma. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji kazi ya Profesa Heidi Larson, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye ametumia zaidi ya miongo miwili kuupinga mtazamo huo. Ni kazi inayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili, ijapokuwa haikuandikwa kwa ajili yake.

Larson alipata shahada ya uzamifu katika anthropolojia kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1990. Baadaye alijiunga na UNICEF, ambako aliongoza mawasiliano ya kimataifa kuhusu chanjo. Yamkini msomaji atajiuliza mwanaanthropolojia ana lipi la kufanya katika kazi ya madaktari. Jibu lilipatikana kaskazini mwa Nigeria.

Mwaka wa 2003 viongozi wa kidini na wa kisiasa katika majimbo kadhaa ya eneo hilo, Kano likiwa mstari wa mbele, walisimamisha chanjo ya polio. Ilivuma kwamba matone yale yalitiwa dawa ya kuwafanya wasichana wa Kiislamu kuwa tasa, na wengine wakasema yalikuwa na virusi vya UKIMWI. Kano ilikaa takriban miezi 11 bila chanjo hiyo. Katika kipindi hicho na baada yake, virusi vilivyotoka Nigeria vilisafiri na kuingia katika nchi zipatazo 20, hata vikafika Indonesia mwaka wa 2005, nchi iliyokuwa imekaa miaka 10 bila polio. Kinaya ni kwamba mgogoro wa Kano ulikuwa umetatuliwa mwaka wa 2004 kwa kuleta chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, ambayo wazee wa Kano waliiamini.

Ni rahisi kulicheka tukio hili, lakini mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka wa 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto 200 mjini Kano. Nusu yao walipewa dawa hiyo na nusu nyingine dawa ya kulinganishia. Watoto 11 walikufa. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa hilo lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kuwa dawa yake ndiyo iliyowaua, na mwaka wa 2009 ikaafikiana na serikali ya jimbo nje ya mahakama. Basi mzazi wa Kano aliyefunga mlango mwaka wa 2003 hakuwa mjinga. Alikosea kuhusu matone ya polio, na watoto wakalemaa kwa kosa hilo. Ila hofu yake ilikuwa na historia, na historia hiyo haifutwi kwa bango lililoandikwa kwamba chanjo ni salama.

Hili ndilo fundisho ambalo Larson alilibeba hadi London. Mwaka wa 2010, katika chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha jiji hilo, alianzisha mradi wa kuchunguza imani ya umma katika chanjo. Mradi huo hukusanya yanayosemwa magazetini, mitandaoni na mitaani, kisha huuliza yametoka wapi na kwa nini yameshika. Mwaka wa 2016 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 67, ukiwahusisha watu wapatao 66,000. Nchi iliyoongoza kwa shaka ilikuwa Ufaransa, nyumbani kwa Louis Pasteur: asilimia 41 ya waliohojiwa hawakukubali kwamba chanjo ni salama, ilhali wastani wa nchi zote ulikuwa asilimia 13. Kwa hivyo, dhana kwamba shaka ni ugonjwa wa wasiosoma haina mashiko.

Kufikia wakati huo mitandao ya kijamii ilikuwa imebadilisha mwendo wa uvumi. Mwaka wa 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, wasichana wengi wa shule walizirai baada ya kupewa chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Video zao zilienea nchini kote kupitia simu za mkononi kabla ya wachunguzi kukamilisha kazi yao. Uchunguzi haukupata kosa katika chanjo, lakini idadi ya wasichana waliochanjwa nchini humo iliporomoka. Picha ilikuwa imekwisha kusema.

Larson anaongeza jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo zito zaidi. Mtandaoni, msimamo kuhusu chanjo hugeuka kuwa utambulisho. Mama anayeingia katika kundi la wazazi kuuliza kuhusu homa ya mwanawe hukaribishwa, husikilizwa, hupewa pole. Baada ya muda anakuwa mmoja wao, na kuiacha shaka yake kunakuwa sawa na kuwaacha wenzake. Zahanati ilimpa dakika chache tu na kikaratasi. Mwaka wa 2018, katika jarida la Nature, Larson alitabiri kwamba katika mlipuko mkubwa ujao hatari haingekuwa ukosefu wa teknolojia ya kinga bali hofu inayosambazwa kidijitali. Korona ilipokuja, yeye na wenzake walifanya jaribio Septemba 2020 kwa watu 8,000 wa Uingereza na Marekani. Miongoni mwa walioonyeshwa habari potofu, waliokuwa wamesema kwamba bila shaka wangechanjwa walipungua kwa zaidi ya pointi 6 za asilimia katika kila nchi.

Hapa kwetu mfano upo. Mwaka wa 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na hCG, homoni ya ujauzito, na kwamba ingewazuia kuzaa. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Dai hilo halikuzaliwa Kenya. Lilikuwa limevuma Mexico na Ufilipino katika miaka ya 1990. Aidha, lilikuwa na mbegu: watafiti wa India walikuwa wamejaribu chanjo ya kupanga uzazi iliyounganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, wakachapisha matokeo mwaka wa 1994. Chanjo hiyo ilikuwa nyingine kabisa, lakini anayekanusha bila kuitaja huonekana anaficha.

Mwandishi ana shaka moja. Wapo wanaotunga uongo kwa makusudi, wakiuza dawa zao au kutafuta wafuasi, na kuwasikiliza hao hakuwabadilishi. Pengine Kiswahili kinatusaidia kuwatenga. Uvumi unatokana na kitenzi vuma, kama upepo au nyuki: sauti inasikika, chanzo hakionekani, na huenda ni kweli. Uzushi unatokana na zua, na mzushi ni mtu mwenye nia. Fununu ni dokezo la awali lisilothibitishwa. Hata neno chanjo lina kumbukumbu yake, kwani kuchanja ni kukata ngozi, na waganga walichanja chale na kupaka dawa muda mrefu kabla ya sindano. Leo tunaliambia hata tone la mdomoni jina hilo, na hakuna anayelishangaa.

Taarifa nyingi humwita yeyote asiyekwenda kliniki mpinzani wa chanjo. Larson huwatenganisha wapinzani na wanaositasita, ambao ndio wengi. Mwandishi anapendekeza tulitumie neno kusita katika tafsiri na taarifa zetu za afya, na upinzani tuwaachie wapinzani wenyewe. Anayesita bado yuko mlangoni, na anaweza kuulizwa amesikia nini, na kutoka kwa nani.