Staa Amehepa Kwenda Buja? Cheki Benchi

Wasee wa Muhuta, nyinyi wa Gitaza kando ya ziwa na nyinyi wa vilima vya juu! Hii stori ni yenu. Kila mbogi ya basketi huku ina yule msee mmoja anayebeba wote: yeye ndio anafunga, yeye ndio anazuia, na refa akizingua yeye ndio anaenda kubonga naye. Halafu klabu ya Buja inamcheki, na kabla wiki iishe ashadandia gari, anakata RN3 na begi moja na ndula zake.

Hakuna wa kumlaumu. Urunani, Dynamo, New Star, wote base yao ni Buja, na ligi yenye macho ya watu iko huko. Shida ni nyinyi mliobaki. Mpira ukikufikia, macho yanamtafuta mtu ambaye hayupo.

Wengi hapo wanaanza kusaka pacha wake: mrefu kama yeye, mshutaji kama yeye. Wacheni hiyo. Cheki mfano huu: kuna chali wa Dar anaitwa Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3. Msimu wa 2008–09 alikuwa anachezea chuo cha Connecticut huko Marekani, anaokota karibu ribaundi 11 kila mechi na kublok zaidi ya mashuti 4. Timu ikashinda mechi 31, ikachapwa 5 tu, ikafika nusu fainali ya vyuo vya nchi nzima. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamnyakua namba 2 kwenye drafti ya NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. A.J. Price na Jeff Adrien, wakongwe wengine wa kikosi, nao wakamaliza chuo mwaka huohuo.

Msimu uliofuata ulikuwa msoto. Walishinda 18, wakalala 16, na tiketi ya yale mashindano makubwa ya vyuo ya kila Machi wakaikosa.

Kochi wao Jim Calhoun hakupata Thabeet mwingine. Atamtoa wapi? Lakini mwaka ule wa Thabeet kulikuwa na mtoi wa New York, Kemba Walker, futi 6 na kidogo, anaingia akitokea benchi na kula dakika za kutosha. Kwenye ule msoto akazoea kushika usukani, na timu ikaacha kucheza kwa kumtegemea mrefu chini ya ringi. Ikafika 2010–11, Walker anafunga wastani wa pointi 23.5. Hata hapo ligi yao walimaliza kwa kushinda 9 na kupoteza 9, watu wakawachukulia poa. Machi 2011 wakashinda mechi 5 ndani ya siku 5 kwenye mtoano wa ligi yao, wakaendelea vilevile kwenye yale mashindano makubwa mpaka fainali Houston, wakawapiga Butler 53–41. Mabingwa!

Walker akahepa kwenda NBA mwaka huohuo. Nani alikuwa benchi wakati wanabeba kombe? Shabazz Napier, mgeni wa mwaka wa kwanza. Aprili 2014 yeye ndio akawaongoza kuwalaza Kentucky 60–54, kombe lingine. Mrithi alikuwa anakula dakika kabla mwenye kiti hajaamka, na hiyo ndio siri yote ya kujenga upya.

Sasa rudi huku kwetu. Doh ya kununua mchezaji hamna, lakini daftari la shule lipo. Andika kazi zote za aliyehama: nani atapandisha mpira, nani atapigania ribaundi, nani atamkaba mkali wao. Tuseme alikuwa anawapa pointi 20. Usimtwike mtu mmoja zote, utamuua. Huyu alete 5 zaidi, yule 5, mwingine 4, halafu difensi iwanyime wapinzani 6 walizozoea kupata. Hesabu imefunga, na hamjasajili mtu.

Kwa tizi, pigeni mechi ya kupasiana tu, kudunda marufuku. Mwanzoni itakuwa vurugu tupu, mpira unaenda nje, watu wanacheka. Kisha kuna mtoi atadaka, atasimama, atageuza shingo kumtafuta staa kama alivyozoea. Hamna. Itabidi acheki ringi mwenyewe. Wenzake nao wakisimama wima hawapewi kitu, kwa hivyo lazima wakate, wazunguke, wajitokeze. Hayo mazoezi yanafunza zaidi ya hotuba ya kochi.

Na msakeni mrefu huko ufukweni. Kuna machali wanavuta nyavu za ndagala usiku, mikono chuma, na hakuna aliyewahi kuwaambia wajaribu kupigania ribaundi.

Aliyehama naye msimkatie laini. Maisha ya juu yana noma zake. Machi 2024 Dynamo walikuwa klabu ya kwanza ya Burundi kucheza Ligi ya Basketi ya Afrika, huko Pretoria. Wakawachapa Cape Town Tigers 86–73, wameziba maandishi ya mdhamini, "Visit Rwanda", kwenye jezi. Mechi mbili zilizofuata hawakucheza kwa sababu ya hayo maandishi, na safari ikaishia hapo, kikosi kizima. Msee wenu akirudi likizo, iwe Buja imembamba au imemzingua, apate kiwanja na watoto wa kuwafunza alichookota huko.

Kwa hivyo Jumamosi mkigawana timu, yule mtoi anayechaguliwaga mwisho mpeni mpira kwanza. Akiupoteza, mpeni tena.