Mwangwi wa Kariakoo haufui dafu mbele ya 4G

Msomaji wa Kariakoo anauliza: duka lake limezingirwa na maghorofa, mnara wa simu hauonekani hata kwa kuchungulia, mbona 4G inacheza video bila kukwama?

Mambo ya laini na vocha tuyaache. Utamu uko kwenye mwangwi. Wimbi la redio huifikia simu mara nyingi: likitoka ukuta huu, likitoka ghorofa la ng'ambo. Nakala iliyozunguka mita 300 zaidi huchelewa mikrosekunde moja. Mnara ungetuma alama milioni 15 kwa sekunde zikifuatana, nakala hiyo ingezivuruga 15 za nyuma yake.

Mchukulie mpiga debe kwenye uchochoro: "Mbagala, Rangi Tatu, Mbagala!" Akiharakisha, mwangwi wa neno la kwanza unalivaa la pili, abiria anaambulia kelele. Kupaza sauti hakusaidii. Avute: "Mbagalaaaa". Mwangwi ukirudi, unamkuta bado yuko kwenye "aaa" ileile. Ila kwa mwendo huo gari halijai, kwa hiyo konda analeta wapiga debe 1,200, kuanzia wa besi hadi wa sauti nyembamba, wote wanavuta kwa pamoja, kila mmoja na kituo chake.

Mkanda wa megahezi 20 wa 4G una viwimbi 1,200 vya namna hiyo (naviita viwimbi mpaka wataalamu wakubaliane), vikiachana kilohezi 15. Kila alama huvutwa mikrosekunde 66.7, na mkia wake hunakiliwa mbele yake kwa mikrosekunde 4.7 hivi, mwangwi uishie humo. Hata uliozunguka kilomita nzima zaidi haudhuru.

Mbona jirani hamvurugi jirani? Hapa ndipo ninapopapenda. Ndani ya mikrosekunde hizo 66.7 kila kiwimbi hukamilisha mizunguko kamili, na anayemfuata huzidisha mmoja tu. Simu ikipima kimoja, milima na mabonde ya wengine hufutana, jumla yao sifuri. Robert Chang wa Bell Labs alichapisha wazo hili mwaka 1966; Stockholm na Oslo zikaanza kuuziwa 4G Desemba 2009.

Kasi, bila shaka, mnagawana na majirani: mnara hugawa viwimbi upya kila milisekunde. Na simu inapojibu haitumi kwa mtindo huu hasa, kwa sababu sauti nyingi zikifika kileleni pamoja hudai kipaza nguvu kikubwa, ambacho betri ya mfukoni haikimudu.