Ex Wake Ni Karabai

Hapa kinyozi yetu Kayole kila msee wa Kongo ana stori ya mamba muntu. Wanyamazie dakika mbili tu, wanaanza. Mmoja wa Uvira alimwota ameketi kwa jiwe anachana nywele, saa ya dhahabu mkononi, akamwachia sanduku la chapaa na akakatazwa kulifungua mbele ya watu. Mwingine wa Lubumbashi yeye hakumwota, alikua naye ukutani. Huko miaka ya sabini sebule ya mtu wa heshima ilikuwa na mchoro wake: juu manzi mweupe wa nywele ndefu, chini samaki, nyoka pembeni. Sasa akilala, huyo dem humjia akiwa na fremu yake. Masharti ni yale yale siku zote. Unapewa doh, unafunga mdomo, hauoi tena, halafu siku moja mtu wa kwenu anaondoka ghafla na wewe ndio unajua kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Minova. Juzi zamu yangu ikafika. Na manze, mamba muntu hakutokea. Nilitumiwa sambaza.

Kama hujafika: Minova iko Kalehe, Kivu ya Kusini, kule juu kabisa ziwani, kwa barabara ya Goma kuenda Bukavu ukishapita Sake. Kwa makaratasi sisi ni watu wa mkoa wa Bukavu, lakini mihogo yetu, maharage yetu na ndizi zetu husafiri kuenda Goma. Sambaza ni kale kasamaki ka urefu wa kidole, kanang'aa fedha, mathee anakatupa kwa mafuta na chumvi, unakatafuna na kichwa, macho na miba, bugali pembeni. Wakenya, fikirieni omena ambaye ameenda gym.

Sasa ndoto. Ni usiku, niko bandarini Minova, nimevaa ile shuka ya kunyolea na ndula moja. Boti inaita watu wa Goma, konda ananivuta mkono, nakataa. Tangu MV Merdi izame Oktoba 2024 ikitoka kwetu, ikiwa imebakisha kidogo tu ifike bandari ya Kituku, Goma, hakuna mtu ataniingiza boti, hata nikiwa nimelala. Nikawasha tochi ya simu nitafute ndula ya pili. Ndio nikasikia maji yakiongea.

"Hiyo taa ni yako ama umeazima?"

Kucheki hivi, kasamaki kamesimama kwa mkia. Fedha mwili mzima, macho makubwa, mapozi ya mtu anangoja kupigwa picha. Nikamwambia "niaje", ju ndio laini pekee nilikuwa nayo.

"Usijipe moyo," akasema. "Sikuja juu yako. Nimekuja juu ya tochi."

Na hapo hakuwa ananiringia. Sambaza ndio wako hivyo. Mchana wanashuka chini wasionekane, giza likiingia wanapanda kufuata vile vidudu vya maji wanavyodishi, na ukiwasha taa juu yao wanakuja wenyewe bila kuitwa. Wavuvi wa kwetu wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wavu unaning'inia, wanapiga kasia wakiimba, taa zinawaka. Usiku usio na mwezi ukisimama Minova utadhani kuna mtaa mwingine umejengwa majini.

Tukapiga stori. Akanifungukia kuhusu maisha yake ya nyuma, na hapo ndio nikajua nashindana na nani: ex wake ni karabai. "Alikuwa moto," akasema, na aliposema hivyo mapezi yakamtetemeka. "Nilimpenda mpaka ukoo mzima ukaingia wavuni." Mimi huyo, simu iko asilimia nane.

Nikabadilisha mada, nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema kwao ni Tanganyika. Wabelgiji ndio waliwaleta, kati ya 1958 na 1960, wakiwa watoi wadogo kabisa. Walikuja aina mbili. Wale binamu wa aina nyingine hawakushika, ziwa likawakataa wakaisha. Wao wakashika. Hiyo sehemu sikuiota, iko kwa vitabu: Kivu ilikuwa na aina chache za samaki, na kule katikati hakukuwa na wa kula vile vidudu, ndio mzungu akaamua kujaza nafasi. Limnothrissa miodon akabaki, Stolothrissa akapotea. Halafu 1967 na 1968 ukoo huo huo wa sambaza ukapelekwa Kariba, pale Zambia na Zimbabwe wanapopakana, na huko jina lao ni kapenta. Yaani manzi ana ndugu wengi ng'ambo kuliko mimi.

Wasee, hapo ndio niliingia box mzima mzima. Mimi kila kichwa kinachokaa kwa kiti changu kinaniuliza mambo mawili: wewe ni wa wapi, na utarudi lini. Na huyu hapa dem ameishi ziwa moja zaidi ya miaka sitini, amelisha Goma, amelisha Bukavu, amelisha Minova, na bado ukifungua kitabu ameandikwa ni wa kuletwa. Nikamwambia nataka kutoa dot, yaani mahari.

Kwetu dot si mambo ya wapenzi wawili. Wazee wanakaa, kila upande una msemaji wake, na wakwe wanatoa orodha inaitwa facture: mbuzi, ng'ombe, kitenge cha mama, koti la baba, kreti za bia ya Primus, na kila mstari unabishaniwa mpaka jua linatua. Kikao chetu kilifanyika ndani ya maji, kama meta hamsini hivi chini, kwa sababu ukizidi hapo kidogo tu hewa inaisha. Ziwa linashuka mpaka karibu meta 485, na kule chini hakuishi samaki. Ni gesi tu imelala: kaboni dioksidi kama kilomita za ujazo 300, methani karibu 60. Kwa ndoto ilikuwa ni babu. Babu mkubwa, hana uso, anakoroma sakafuni, na kila akijigeuza wazee wote wananyamaza. Mmoja akaninong'oneza nipunguze sauti, kwamba ndugu yake babu, yule wa ziwa Nyos, aliamka huko Kameruni Agosti 1986 na watu zaidi ya 1,700 hawakuona asubuhi. Nikapunguza. Kumbe upande wa Rwanda wamemwekea babu mirija, tangu 2016 wananyonya methani kwa kiwango kikubwa wanawasha stima. Kusikia "stima", manzi akageuza shingo kuangalia ng'ambo, taa za Rwanda zinawaka mstari mzima. Roho ikaniuma sana. Nchi jirani nzima ni ukoo wa ex.

Shangazi wa Kariba akaingia kwa simu ya video, mtandao unakatika, anauliza kwa Kiingereza nafanya kazi gani. Nikasema kinyozi. Ikabidi waelezwe nywele ni kitu gani. Kisha facture ikasomwa. Mbuzi kumi, wawe wanajua kuogelea. Unga wa mihogo gunia mbili, usipikwe. Mwezi uzimwe wiki ya harusi. Mafuta ya kupikia yasitajwe mbele ya bibi arusi, hata kwa mzaha. Koti la baba mkwe, mikono iondolewe.

Nilikuwa nimeanza kubishana kuhusu mbuzi, wabaki watano, ndio akaingia jamaa mwingine. Sijui niseme aje. Madoa ya buluu yamemjaa mwilini, mkia umepigwa pasi, anapita polepole ili kila mtu amwone, usapeur wa Matonge kabisa. Nilimjua. Huyu ni Lamprichthys, naye wa Tanganyika, lakini yeye hakuna mzungu alimbeba kwa sherehe. Alionekana Kivu mara ya kwanza 2006, akajipenyeza, na siku hizi anakula sahani moja na sambaza. Shangazi akamtazama, akanitazama, akasema kwa simu: "Huyu angalau anapumua maji." Hiyo hoja sikuwa na jibu lake. We ungejibu aje?

Kilichoniangusha hakikuwa yule sharobaro lakini. Ni mzee mmoja wa pembeni, amekonda, hakuwa amesema neno tangu tuanze. Akaniuliza, "Kijana, umeshakula sambaza?"

Kikao kikanyamaza. Hata babu aliacha kukoroma.

Ningedanganya, lakini mtoto wa Minova akisema hajala sambaza, ni nani ataamini? Nikajibu nimekula. "Wangapi?" Nikamwambia mzee, mimi nimekuzwa nao, shule nilienda nao tumboni, karo yenyewe mathee alilipa akiwauza kwa vikombe sokoni. Nikangoja nitupwe nje. Yule mzee akawageukia wenzake, wakanong'ona, wakarudi na uso wa huruma. "Basi damu yako ni yetu," akasema. "Mwili wako wote umejengwa na sisi. Huyu msichana ni dada yako. Hatuwezi kuozesha ndugu kwa ndugu, ni mwiko."

Fikiria hiyo. Watu wamekataliwa ju ya kabila, ju ya kanisa, ju ya kukosa kazi. Mimi nimekataliwa ju ya lishe. Nikaanza kulia chini ya maji, kazi ya bure kabisa, halafu simu ikazima chaji. Giza. Manzi akahepa hapo hapo bila kwaheri, na nikasikia yule wa buluu akicheka.

Asubuhi kazini niliwapa stori yote. Yule wa Uvira akasema huyo alikuwa mamba muntu tu, ila ametumwa kulingana na mfuko wangu. Nikamkumbusha Kivu haina mamba hata mmoja, akasema ndio maana. Beshte wangu Mjaluo wa Homa Bay yeye alikasirika ju ya omena kutajwa karibu na samaki wa kuletwa, kwamba omena ni mzaliwa wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, na hajawahi kuomba mtu makaratasi. Nikamuuliza na mbuta? Akaangalia barabarani. Mbuta aliwekwa Victoria miaka ile ile ya hamsini, sambaza wangu akikaribia kufungiwa mizigo.

Jioni nikampigia mathee. Tangu waasi wa M23 waingie Minova tarehe 21 Januari 2025, simu zetu huwa na mpangilio wake: nani yuko, nani amehama, barabara inapitika ama haipitiki, soko limeshuka ama limepanda. Tulimaliza hiyo orodha, nikamwambia ndoto. Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda. Halafu akanyamaza ghafla.

"Papa," akasema, "samaki? Iyo ni mimba. Sema, ulipatia nani mimba uko Nairobi?"

"Mama, ilikuwa ndoto."

"Njo iyo minasema. Ndoto haina bongo. Ni mutoto wa nani? Bazazi yake beko wapi?"

Nikaapa kwa kila kitu. Nikamwambia kuhusu karabai, kuhusu babu, kuhusu shangazi wa Kariba. Hakuna. Kwetu ukiota samaki kuna mtoto njiani, na mama ameshaamua ni wangu. Kabla sijalala, shangazi yangu mkubwa wa Bukavu alikuwa amenitumia ujumbe. Pongezi mstari mmoja, kisha facture ya nguo za mtoto, na namba moja kabisa kwa hiyo orodha ni kitenge chake yeye.