Siku Moja Andong: Kuku, Kinyago na Barua ya Mama Won

Kama wewe na mwenzi wako mmenuniana, sikushauri mwende kula kuku Andong. Mtapatana kabla hamjawa tayari.

Ngoja nieleze. Mume wangu anasoma Seoul, na mwaka huu aliongeza mwaka mzima wa masomo bila kuniuliza. Mimi nilikuja kusikia fomu zikiwa zimeshajazwa. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, nilipopata likizo na kumfuata sikwenda na tabasamu. Siku ya nne akasema twende nje ya jiji, turudi usiku. Nikajibu, "Haya." Wanawake mnaijua hiyo haya.

Treni ya kasi kutoka stesheni ya Cheongnyangni inachukua kama saa mbili hadi Andong, mji mdogo ulio bara, mbali na pwani. Yeye alitazama milima. Mimi nikajifanya nimelala.

Tulianzia soko la zamani, ambako kuna uchochoro wa migahawa ya jjimdak: kuku aliyepikwa kwa mchuzi wa soya, viazi, karoti, pilipili kavu na tambi za wanga wa viazi vitamu. Kuku mzima, sinia moja, watu wawili. Tambi zenyewe zinateleza kama sabuni na vijiti ni vya chuma! Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, kumbe ni uzi mmoja. Jamani, nikacheka. Nilijilaumu, lakini ndo hivyo.

Hapo hapo mjini wanauza kibua wa chumvi. Andong haina bahari, lakini inasifika kwa samaki huyo. Zamani alibebwa safari ndefu kutoka pwani, akatiwa chumvi kabla hajaharibika. Usimfikirie ng'onda, huyu bado ana mafuta, na akichomwa ni laini. Huuzwa jozi, mdogo amelazwa ndani ya mkubwa.

Mchana tukapanda basi hadi kijiji cha Hahoe, ambacho mto Nakdong umekizunguka. Ukoo wa Ryu umeishi humo kwa karibu miaka 600 na watu bado wanaishi. UNESCO ilikiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2010. Tulitazama ngoma yao ya vinyago, inayowasuta mabwana wakubwa na watawa bila huruma. Kinyago kimoja hakina kidevu. Wanasimulia kwamba mchongaji alikatazwa kuonwa akiwa kazini, lakini msichana aliyempenda akashindwa kuvumilia, akachungulia. Kijana akaanguka, akafa, kazi ikabaki hivyo. Wale mnaochungulia simu za wenzi wenu, mmesikia.

Jioni tukarudi mjini, kwenye daraja la Woryeonggyo. Ni la mbao, la waenda kwa miguu, lina urefu wa mita 387 na lilifunguliwa mwaka 2003. Hapo ndipo nilipoisikia habari ya Mama Won.

Mwaka 1998, makaburi ya zamani yalipokuwa yakihamishwa mjini humo ili kupisha nyumba mpya, likafunguliwa la Yi Eung-tae, aliyefariki mwaka 1586 akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Ndani kulikuwa na barua ya mkewe, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito. Anamwita "Baba Won", kama sisi tunavyoitana kwa majina ya watoto wetu. Anamuuliza amewezaje kuondoka na kumwacha. Karatasi ilimwishia, akaendelea kuandika pembeni. Kulikuwa na viatu pia, vilivyosukwa kwa katani na nywele zake. Daraja lile limejengwa kwa kuvikumbuka. Jina la mama huyo halijulikani hadi leo.

Nilisimama katikati ya daraja nikiwaza: huyu alikuwa na la kusema, akaandika hadi karatasi ikaisha. Mimi mume wangu yuko hapa, mzima, nampa "haya".

"Ule mwaka," nikamwambia, "kwa nini hukuniuliza?"

Alinyamaza kidogo. "Nilijua ungekataa."

"Ningekataa kweli."

"Na mimi ningebaki nalo moyoni."

Hatukumaliza. Tuligombana kidogo, safari hii kwa sauti, hadi taa za daraja zikawaka na tukakimbilia treni. Bado sijaukubali ule mwaka. Tumekubaliana kwamba Desemba anakuja nyumbani, na hakuna fomu itakayojazwa kabla ya simu.

Wale samaki tuliwachoma kesho yake, jiko dogo la chumba chake likajaa moshi hadi jirani akagonga mlango.