Okidi ya kiatu: Ua likianguka usitupe chungu

KWA mkulima wa Nkololo, wilayani Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, hesabu za mwaka huanza na pamba. Mbegu huingia ardhini mvua zinapoanza, mavuno huuzwa katikati ya mwaka unaofuata, kisha masalia hung'olewa na kuchomwa moto ili wadudu wasipate pa kujificha. Kwa pamba, utaratibu huo ni sahihi. Lakini anayeupeleka kwenye okidi ya kiatu atapata hasara siku ile ile ua linapoanguka.

Okidi hii ni ua la chungu linalofugwa nyumbani. Sehemu ya mbele ya ua ina mfuko uliojikunja kama ncha ya kiatu, na ndiyo asili ya jina. Wataalamu huiita Paphiopedilum. Kwao ni Asia, kuanzia India na kusini mwa China hadi Visiwa vya Solomon. Ua moja hudumu wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi, jambo linaloifanya ipendwe na hoteli, ofisi na wenye sherehe.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huhesabu maisha ya mmea kwa maisha ya ua. Ua likianguka hubaki majani tu, na chungu hutupwa. Kumbe ndani ya chungu hicho mtaji bado ungali hai.

Kama mgomba

Aliyewahi kuona mgomba Bukoba au Tarime ataielewa okidi hii upesi. Mgomba hutoa mkungu mmoja tu, na mwaka unaofuata ni zamu ya chipukizi lililoota pembeni. Okidi ya kiatu nayo iko hivyo. Kila shina hutoa maua mara moja, halitoi tena. Kwa hiyo kazi ya mfugaji ni kumlea mtoto anayeota ubavuni mwa mama.

Tofauti ni moja. Shina la mgomba hukatwa baada ya mkungu, lakini shina la okidi huachwa. Majani yake huendelea kumlisha mtoto kwa muda mrefu. Kinachokatwa ni kikonyo cha ua kilichokauka, basi. Chipukizi huchukua mwaka 1 hadi 3 kukomaa, kutegemea aina na matunzo. Anayetaka maua kila mwaka hana budi kuwa na machipukizi ya umri tofauti katika chungu kimoja.

Aina na mahali pa kuweka

Zipo okidi za kiatu zenye majani ya kijani kitupu, ambazo nyingi huhitaji usiku wa baridi ili zitoe maua. Zipo pia zenye majani yenye mabaka, ambazo huvumilia joto. Kwa Nkololo, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari lakini yenye mchana wa jua kali, anayeanza achague za mabaka.

Jua la moja kwa moja huunguza majani. Mahali pazuri ni baraza la upande wa mashariki linalopata jua la asubuhi tu, au chini ya mwembe wenye kivuli kizito. Majani yenyewe hutoa taarifa: yakiwa ya njano mwanga umezidi, na yakiwa ya kijani cheusi na malegevu mwanga hautoshi, na ua halitakuja.

Adui mkubwa ni upepo mkavu wa Juni hadi Oktoba. Okidi hii haina kiazi wala shina nene la kuhifadhia maji, hivyo mizizi isiachwe ikauke kabisa. Vyungu vipangwe karibu karibu juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, bila kitako cha chungu kugusa maji.

Pipa moja latosha

Maji ya kisima chenye chumvi huchoma ncha za majani na kuua mizizi. Maji ya mvua ndiyo bora, na hayahitaji mtaji mkubwa. Chukua mfano wa mtu mwenye vyungu 10. Kila chungu kikipata nusu lita kila baada ya siku 5, vyote vitatumia lita 5 kwa mara moja. Kiangazi cha siku 150 kina zamu 30 za kumwagilia, sawa na lita 150. Pipa moja la lita 200, lililojazwa kutoka kwenye bati na kufunikwa vizuri mbu wasizaliane, latosha.

Kumwagilia kufanyike asubuhi. Maji yakilala usiku katikati ya majani, moyo wa mmea huoza.

Okidi hii haipandwi kwenye udongo wa shamba, kwani udongo huziba hewa na mizizi huoza. Vipande vya mkaa uliooshwa, vichanganywe na makumbi ya nazi yaliyolowekwa na matofali ya kuchoma yaliyopondwa kwa ukubwa wa punje za mahindi. Chungu kiwe kidogo, chenye matundu mengi chini. Mchanganyiko hubadilishwa kila baada ya mwaka 1 au 2, mara tu ua linapoisha, na kitako cha mmea kifukiwe kidogo ili mizizi mipya ipate unyevu.

Mbolea iwe nyepesi. Robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki 2 wakati mmea unakua, inatosha. Mara moja kwa mwezi chungu kisuuzwe kwa maji matupu kuondoa chumvi ya mbolea.

Tamaa ya kugawa

Kishawishi kikubwa cha mfanyabiashara ni kugawa mmea mapema. Mwenye vyungu 10 vyenye mashina 3 kila kimoja anaweza kuvigawa leo na kupata vyungu 30. Lakini vitakuwa vyungu vya majani, maana shina likiwa peke yake hudhoofu na laweza kukaa miaka bila ua. Akisubiri kila chungu kifikishe mashina 6, atakigawa mara mbili. Hapo atakuwa na vyungu 20 vyenye nguvu, auze 10 na kubaki na 10 vya kuendeleza. Kisu kipitishwe motoni kabla ya kila mmea ili kisisambaze magonjwa.

Uzalishaji huu wa polepole ndio unaofanya okidi hii iwe na bei. Kuizalisha kwa njia ya maabara kutokana na mmea uliokomaa ni vigumu, na mche wa mbegu huchukua miaka kadhaa kufikia ua la kwanza. Kwa sababu hiyo si zao la kukopea fedha wala la kuacha pamba kwa ajili yake. Lianzwe na vyungu 2 au 3, kama anavyoanza mfugaji wa kuku.

Sheria nayo izingatiwe. Okidi zote za jamii hii zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Anayetaka kuleta mche kutoka nje ya nchi, hata Nairobi, aanzie kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) aulizie vibali. Aliye ndani ya nchi anunue kwa muuzaji anayeeleza mche umetoka wapi.

Ukali huo una sababu. Aina moja ya Vietnam iliyotambuliwa kitaalamu mwaka 1999 ilichimbwa na wafanyabiashara hadi ikakaribia kwisha porini katika miaka michache tu. Hapa nchini, viazi vya okidi za mwituni vilichimbwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini na kupelekwa Zambia kwa chakula. Kulinda maua hayo ni miongoni mwa sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005.

Anayechimba huuza mara moja. Anayelea chipukizi, huku akiacha majani ya mama yafanye kazi yake, ataona chungu kile kile kikirudi sokoni na ua jipya.