Mto Uliojificha Mchangani

Njooni karibu, wanangu. Leo tunaanza na kikombe. Kijaze mchanga mkavu mpaka ukingoni. Kimejaa? Kimejaa. Sasa mimina maji juu yake, pole pole.

"Mjomba, yatamwagika!"

Wewe mimina tu. Unaona? Mchanga unayanywa. Unamimina, unayanywa. Mpaka maji yaanze kuchungulia juu, umeshamimina karibu theluthi ya kikombe. Kumbe hakikujaa!

"Maji yameingia wapi?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Umewahi kuona viazi ndani ya gunia? Hata ukilitikisa gunia vipi, kati ya kiazi na kiazi kunabaki vichochoro. Mchanga nao ni hivyo hivyo, ila viazi vyake ni vidogo mno. Maji hukaa humo vichochoroni. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa twende Ukambani, nchini Kenya: Machakos, Makueni, Kitui. Huko mvua husubiriwa mara mbili kwa mwaka, Machi mpaka Mei, halafu Oktoba mpaka Desemba. Kuna misimu watu husubiri weee, isije. Na ikija, huja kwa kishindo. Mto uliokuwa njia ya mbuzi asubuhi, jioni unanguruma. Baada ya siku chache ni njia ya mbuzi tena.

"Maji yamekwenda wapi?"

Yamekwenda zake! Mito ya Machakos na Makueni mingi huangukia Mto Athi. Athi huteremka, huteremka, hubadili jina huko chini ukaitwa Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Waulizeni watoto wa Malindi. Mvua ikinyesha bara, bahari yao hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba ya watu huo.

Huku nyuma mama amebaki na mitungi mitupu. Na Punda amebaki na mama.

"Mitungi minne mgongoni," alilalamika Punda. "Njia ndefu, jua kali. Halafu naitwa mvivu!"

Lakini akina mama wa huko wanajua siri, na ndovu wanaijua pia. Mto ukikauka juu, chini bado una maji. Chimba mchangani, ngoja kidogo, maji yatajikusanya shimoni, uyateke kwa kata. Tabu yake ni kwamba mchanga wenyewe ni haba, na shimo huzidi kwenda chini kadiri kiangazi kinavyokaza.

Je, mchanga ungekuwa mwingi?

Wakamba wana neno lao: mwethya. Jirani wanaitana, wanalima shamba lako leo, kesho langu. Mwaka 1978, kule Utooni, Machakos, Joshua Mukusya na jirani zake walianzisha kikundi cha kujisaidia. Vikundi vya namna hiyo vimejenga mabwawa ya mchanga mengi sana katika mito ya Ukambani. Bwawa la mchanga ni kitu rahisi kukieleza: ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto. Kuujenga sasa! Lazima ukae juu ya mwamba, la sivyo maji yatapita chini yake yakicheka. Saruji huenda ikaletwa na mfadhili. Mawe hayaletwi na mtu, yanabebwa na kijiji. Watu hujipanga mstari, karai la zege linatoka mkono kwa mkono, bibi kwa kijana, kijana kwa mwalimu, mpaka kwa fundi. Mimi ukuta wa namna hiyo nauamini kuliko ule uliojengwa wenyeji wakitazama.

Mvua ikaja. Mto ukanguruma. Bwana Mchanga akafika mbio mbio, akagonga ukuta. Pu!

"Nani kaziba njia?" akauliza. "Mimi ni msafiri!"

"Umezidi kusafiri," ukuta ukajibu. "Kaa."

Akakaa, maana ni mzito. Tope, jepesi, likaruka juu ya ukuta na kwenda zake Malindi. Msimu baada ya msimu mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, kama kile kikombe chetu. Na ndani ya vichochoro vyake, maji!

"Mjomba, si bora bwawa la maji matupu?"

Haya, sufuria isiyo na kifuniko ikikaa juani, jioni utakuta nini? Mchanga ndio kifuniko. Jua haliyafikii yaliyo chini, mbu hapati pa kutaga, ng'ombe hakanyagi ndani. Na maji yakipenya humo huchujika. Kule juu mashambani watu huchimba matuta ya fanya juu, yaani unachimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Hayo huzuia tope lisije kuziba vichochoro.

Adui mmoja simsahau: lori. Majumba ya mjini hutaka mchanga, na lori likizoa mchanga limezoa kisima. Ugomvi huo umekuwa mkali, hata Makueni ikatunga sheria ya kuulinda mchanga wake mwaka 2015.

"Na Punda je?"

Ah, Punda! Siku pampu ya mkono ilipowekwa kando ya bwawa, karibu kabisa na nyumbani, Punda aliipita. Akainamisha kichwa, akashika ile njia yake ndefu kama kawaida. Ikabidi mtoto mmoja amkimbilie kumrudisha.