Kutoka, Lakini Kwenda Wapi?

Mtanzania aliyekuwa akiishi London kwa kibali halali aliruhusiwa kupiga kura Juni 23, 2016, siku Uingereza ilipoamua kama ibaki katika Umoja wa Ulaya au ijitoe. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda nao waliruhusiwa, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Fundi bomba kutoka Poland ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilipa kodi Birmingham na kusomesha watoto wake hapo hakuwa na kura. Kijana wa Kiingereza wa miaka 16, ambaye angeishi na matokeo hayo muda mrefu kuliko wazazi wake, hakuwa nayo pia. Kwa hiyo hata kabla ya karatasi ya kwanza kutumbukizwa sandukuni, watu walikuwa wameshaanza kubishana ni nani mwenye haki ya kuamua.

Kura zilihesabiwa usiku kucha. Milioni 17.4 zilitaka nchi itoke, milioni 16.1 zilitaka ibaki: asilimia 51.9 kwa 48.1. Kulipopambazuka, pauni ilikuwa imeporomoka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985, na David Cameron, Waziri Mkuu aliyeitisha kura hiyo akitumaini kwamba wapiga kura wangechagua kubaki, alitangaza kujiuzulu.

Ramani ya matokeo ilionyesha nchi kadhaa ndani ya nchi moja. Scotland ilitaka kubaki kwa asilimia 62 na Ireland Kaskazini kwa karibu asilimia 56. London nayo ilikuwa upande huo. England nje ya miji mikubwa, pamoja na Wales, ilichagua kutoka. Sunderland, mji ambao maelfu ya watu wake wanategemea kiwanda cha magari cha Nissan kinachouza sehemu kubwa ya magari yake Ulaya, ulipiga kura ya kutoka kwa asilimia 61. Cornwall, mkoa uliokuwa ukipokea fedha nyingi za maendeleo kutoka Umoja wa Ulaya, ulifanya vivyo hivyo. Wachambuzi wengi walishangaa, lakini mtu anayeona barabara mpya yenye kibao cha Umoja wa Ulaya, huku mwanawe hana kazi ya maana, si lazima ashukuru kwa ajili ya kibao.

Mzozo huu haukuzaliwa 2016. Uingereza ilijiunga na jumuiya ya kiuchumi ya Ulaya Januari 1, 1973, na miaka miwili tu baadaye wananchi waliulizwa kama wanataka kubaki. Asilimia 67 walisema ndiyo. Wakati huo wenye mashaka makubwa walikuwa watu wa mrengo wa kushoto. Katika chama cha Labour, Tony Benn na wenzake waliiona jumuiya hiyo kama klabu ya matajiri. Margaret Thatcher, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi wa chama cha Conservative, alijitokeza kwenye kampeni ya kubaki akiwa amevaa sweta iliyofumwa bendera za nchi za Ulaya. Kadiri Ulaya ilivyozidi kuwa jumuiya ya siasa na sheria badala ya soko tu, Conservative ndio waliogeuka na kuanza kuitilia shaka, na mpasuko huo uliwasumbua viongozi wao mmoja baada ya mwingine.

Kisha ukaja mwaka 2004. Nchi kumi, nyingi zikiwa za Ulaya Mashariki, ziliingia katika Umoja kwa mkupuo mmoja. Nchi nyingi za zamani zilichelewesha kuwafungulia wafanyakazi wa nchi hizo milango; Uingereza, Ireland na Sweden hazikusubiri. Waliokwenda Uingereza walikuwa wengi kupita makadirio yote yaliyotolewa na serikali. Boston, mji mdogo wa kilimo katika jimbo la Lincolnshire, ulipata wakazi wengi wapya waliokuja kuvuna kabichi na kufungasha mboga. Wenye mashamba walifurahi. Wakazi wa zamani walilalamikia foleni za hospitali, kodi za nyumba na mishahara isiyopanda. Mwaka 2016 Boston iliongoza nchi nzima kwa kutaka kutoka: asilimia 75.6.

Kampeni yenyewe haikumwelimisha mpiga kura kama alivyostahili. Upande wa kutoka ulizungusha nchini basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba afadhali fedha hizo ziende kwenye huduma ya afya. Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo ilisema wazi kuwa takwimu hiyo inapotosha, maana haikutoa punguzo la mchango wa Uingereza ambalo Thatcher alilipigania na kulipata 1984. Basi liliendelea kuzunguka. Upande wa kubaki nao ulishika silaha ya hofu: Waziri wa Fedha, George Osborne, alionya kuwa kila kaya ingepoteza wastani wa pauni 4,300 kwa mwaka ifikapo 2030, na kwamba ingelazimu kupitisha bajeti ya dharura. Bajeti hiyo haikuja. Ni vigumu kuwalaumu wananchi walioacha kuamini namba za upande wowote.

Wiki moja kabla ya kura, Juni 16, mbunge wa Labour Jo Cox aliuawa kwa risasi na kisu mtaani Birstall, kaskazini mwa England, alipokuwa akienda kukutana na wapiga kura wake. Aliyemuua alikuwa mfuasi wa siasa kali za ubaguzi wa rangi. Cox alikuwa na umri wa miaka 41 na watoto wawili wadogo. Katika hotuba yake ya kwanza bungeni alikuwa ameeleza kwamba watu wa jimbo lake, wenyeji na wahamiaji, wana mambo mengi zaidi ya kuwaunganisha kuliko ya kuwatenganisha. Kampeni zilisimamishwa kwa siku chache, kisha zikaendelea.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa katika swali lenyewe. Karatasi ya kura ilimtaka mtu achague kubaki au kutoka, na haikusema kutoka ni kwenda wapi. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko lake la pamoja, inalipia na inapokea wafanyakazi wake. Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa nyingi, basi. Nchi nyingine hufanya biashara na Ulaya kwa mikataba ya kawaida au bila mkataba wowote. Hizo zote ni njia za kuwa nje. Milioni 17.4 walikuwa kama abiria waliokubaliana kumpigia kondakta kelele za "shusha!" bila kukubaliana kituo.

Ndiyo maana miaka mitatu iliyofuata ikawa ya vurugu bungeni. Serikali ya Theresa May, aliyemrithi Cameron, ilitaka kuanzisha mchakato wa kujitoa bila kuliuliza Bunge. Gina Miller, mfanyabiashara aliyezaliwa Guyana, alikwenda mahakamani, na Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji wanane dhidi ya watatu kwamba Bunge lazima lipige kura. Kesi ilipokuwa bado katika mahakama ya chini, gazeti la Daily Mail lilichapa picha za majaji watatu katika ukurasa wa mbele na kuwaita maadui wa wananchi. Hilo lilipaswa kuwatia hofu hata waliotaka kutoka, kwa sababu kesi ilihusu mamlaka ya Bunge, jambo lilelile walilosema wanalipigania.

May alirudi kutoka Ulaya na mkataba wa kujitoa. Januari 15, 2019, wabunge waliukataa kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo ambacho hakuna serikali ya Uingereza ya zama hizi iliyowahi kukipata. Aliurudisha Machi mara mbili, ukakataliwa mara zote mbili. Wabunge walipopewa nafasi ya kupendekeza njia nyingine, hakuna hata moja iliyopata wingi wa kura. Nje, ombi la mtandaoni la kufuta mchakato wote lilipata saini zaidi ya milioni sita, huku kundi lingine likitembea kutoka Sunderland hadi London kudai ahadi ya 2016 itimizwe. Boris Johnson alipochukua nafasi ya May, alijaribu kusitisha vikao vya Bunge kwa wiki tano. Majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi hiyo wakasema amevunja sheria. Aliwatimua wabunge 21 wa chama chake katika kundi lao bungeni kwa kumpinga, akiwemo mjukuu wa Winston Churchill. Ndugu yake mwenyewe, Jo Johnson, alijiuzulu uwaziri na kutangaza kwamba hatagombea tena, akisema anavutwa huku na uaminifu kwa familia na kule na maslahi ya taifa. Desemba 2019 wapiga kura waliochoka walimpa Johnson ushindi mkubwa, na Januari 31, 2020, saa tano usiku, Uingereza ikatoka.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unasema nchi inayotaka kujitoa lazima kwanza ipate theluthi mbili ya wabunge wake wote, kisha itoe notisi ya miezi 12. Waingereza hawakujiwekea kizingiti cha namna hiyo. Nusu na zaidi kidogo ilitosha kubadili mfumo wa miaka 47. Wapo wanaosema kizingiti kikubwa kinawanyima wananchi sauti. Lakini uamuzi unaogusa ndoa, ajira, mipaka na pasipoti za mamilioni unastahili kuungwa mkono na wengi kweli, na unastahili kuelezwa kikamilifu kabla ya watu kuulizwa.

Ireland Kaskazini ilionyesha hatari ya kuuliza bila kueleza kuliko mahali pengine popote. Mpaka wake na Jamhuri ya Ireland una urefu wa kilomita zipatazo 500 na hauna vituo vya ukaguzi, tunda la Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 uliomaliza miongo mitatu ya mauaji yaliyochukua roho za watu wapatao 3,500. Uingereza ilipotoka katika soko la Ulaya, bidhaa zililazimika kukaguliwa mahali fulani. Johnson alikubali ukaguzi ufanyike bandarini, kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za nchi yake mwenyewe. Chama cha DUP, kinachotaka jimbo hilo libaki chini ya London na kilichokuwa kimepigia debe kutoka Ulaya, kiliona kimetengwa. Kikasusia serikali ya pamoja, na jimbo hilo likakaa miaka miwili, hadi Februari 2024, bila serikali yake.

Faida na hasara za kutoka bado zinabishaniwa. Ofisi huru inayokagua bajeti ya serikali inakadiria kuwa kwa muda mrefu tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia nne kuliko kama nchi ingebaki. Wenye kutetea uamuzi huo wanajibu kwamba kujitungia sheria hakupimwi kwa tija peke yake, na hoja hiyo ina uzito wake. Jambo lililowauma wengi wao ni uhamiaji. Wahamiaji kutoka Ulaya walipungua, lakini wa mabara mengine waliongezeka mno, wengi wakiitwa kujaza nafasi hospitalini na katika nyumba za wazee. Kenya ilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Julai 2021. Miezi michache kabla, Desemba 2020, ilikuwa imefanya mkataba wa biashara na Uingereza ili maua ya Naivasha yasitozwe ushuru. Tanzania na Uganda hazikuwa na haraka hiyo, kwa kuwa zimo katika kundi la nchi maskini zaidi ambazo bidhaa zao ziliendelea kuingia bure.

Kura za maoni za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa Waingereza wengi zaidi wanaona kutoka kulikuwa kosa kuliko wanaoona kulikuwa sahihi. Hata hivyo Labour, iliyoshinda uchaguzi wa Julai 2024 chini ya Keir Starmer, iliahidi kutorudi katika soko la pamoja wala umoja wa forodha. Mei 2025 Starmer alikubaliana na viongozi wa Ulaya kurahisisha ukaguzi wa vyakula, na akawaruhusu wavuvi wao waendelee kuvua katika maji ya Uingereza hadi 2038. Conservative na chama cha Nigel Farage, Reform UK, walisema huko ni kusalimu amri. Liberal Democrats walisema ni kidogo mno, wakadai umoja mpya wa forodha.